Scotland ya Tabata

Jamani hizi chupa zinanichosha. Juzi nimeingia grosari kwa Mangi nikaona wiski, lebo ina ngome, ina mzungu kavaa sketi ya drafti anapuliza zumari, jina lenyewe la Kiskoti mpaka ulimi unateguka, nikasema leo nakunywa kishua, nafika home nageuza chupa, maandishi madogo kama ya dawa ya mbu: spiriti, maji, rangi, ladha ya wiski, imetengenezwa Dar!

Yani Scotch ya kweli sharti ikae kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3 hukohuko Scotland, hii yangu imekaa wapi, kwenye simtanki? Na sio kwamba nadharau cha kwetu, andikeni tu Dar kwa herufi kubwa, huyo mwenye sketi anatafuta nini Tabata?