Rizobia na Mfuko wa Urea: Kipimo Kisicho Sawa

Mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulipopita shilingi 6,000 nchini Kenya, wengi walianza kuuliza habari za rizobia, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde na kuulisha mmea naitrojeni ya hewani. Ruzuku iliposhusha bei hadi 3,500, kisha 2,500, maswali hayo yalipoa, ikabaki kauli kwamba mbolea hai, yaani za bakteria kama hawa, zilijaribiwa zikashindwa.

Wanaosema hivyo wana hoja. Rizobia hawayafai mahindi, na mahindi ndiyo chakula chetu. Maharagwe ya kawaida mara nyingi hayaonyeshi tofauti hata mbegu zikipakwa rizobia. Mradi wa COMPRO, uliopima bidhaa za aina hii Kenya, Nigeria na Ethiopia, ulikuta nyingi hazina kilichoandikwa kwenye vibandiko. Tena urea, mbolea ya naitrojeni ya kiwandani, ikikaa stoo haifi. Rizobia hufa kwa joto.

Lakini tuitazame soya. Ili izae tani moja ya punje, huchukua takriban kilo 80 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 tu, kwa hiyo hesabu inakaribia mifuko mitatu na nusu. Tuseme bakteria wanaleta nusu tu na iliyobaki inatoka udongoni: bado ni kilo 40, karibu mifuko miwili, kutokana na gramu 250 za unga mweusi wenye rizobia zinazotosha kilo 25 za mbegu. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi, na kila mara inanishangaza kwamba tunaipita hivihivi. Brazili haikuipita. Johanna Döbereiner, mwanasayansi wa bakteria wa udongo, alisisitiza tangu miaka ya 1960 kwamba soya ya huko itegemee bakteria, na leo zaidi ya hekta milioni 40 hulimwa karibu bila naitrojeni ya kiwandani.

Mkulima naye anaweza kujihakikishia mwenyewe. Soya ikianza kutoa maua, aichimbue taratibu, kisha apasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi; kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi. Mara nyingi chanzo cha weupe huo ni pakiti iliyokaa dukani kwenye jua, mbegu zilizopakwa zikaachwa hadi zikakauka, au udongo usio na fosforasi, ambayo bakteria hawawezi kuileta.

Hapo ndipo ruzuku inapohitaji kutazamwa upya. Asilimia 18 ya DAP ni naitrojeni, na mkunde ukiikuta kwa wingi udongoni hupunguza vinundu vyake. Kwa shamba la soya, fedha hiyohiyo ingenunua TSP, mbolea inayoleta fosforasi bila naitrojeni, pamoja na pakiti ya rizobia iliyotunzwa mahali pa baridi hadi siku ya kupanda.