Mashine ya Horváth na gunia la Kilombero

Tangu Kenya ilipoyazuia mahindi yetu kwa siku chache Machi 2021, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti cha sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, wafanyabiashara wa nafaka Arusha wamekuwa na ombi moja: tuleteeni mashine kubwa ya kupimia.

Hoja yao ina uzito. Kwa kiwango hicho, gunia la kilo 100 halitakiwi kuzidisha miligramu moja ya sumu. Jicho halioni, pua hainusi. Kromatografia ya kimiminika, yaani kutenganisha vilivyomo kwenye mchanganyiko kwa kuusukuma ndani ya bomba lililojazwa chembe, ambayo watu wa maabara huiita HPLC, inaona. Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge, Waingereza waliokuwa wakichunguza sufu, waliandika kwamba utenganishaji bora ungepatikana kwa chembe ndogo sana na shinikizo kubwa. Walipewa Nobeli mwaka 1952, mashine yenyewe ikiwa bado haijaundwa. Aliyekuja kuiunda ni Csaba Horváth, Mhungaria aliyehamia Marekani, akiwa Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1960. Wala hakuwa na habari na mahindi. Alihangaika na vijenzi vya asidi nukleiki. Lakini pampu yake ndiyo iliyofungua njia: leo dondoo la unga husukumwa ndani ya bomba jembamba, kila aina ya sumukuvu hutoka kwa wakati wake, na kigunduzi huikamata kwa mng'ao wake. Mzozo ukizuka mpakani Namanga, namba ya namna hiyo ni vigumu kuibishia.

Wapinzani husema ni ghali: vimiminika vyake huagizwa nje, bomba huziba, umeme hukatika, na lori haliwezi kusubiri majibu. Ni kweli yote, ila hata fedha ingekuwepo, kuna tatizo lingine linaloniumiza kichwa zaidi.

Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Mtazame mchomaji wa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli guniani, pale soko la Kilombero, Arusha: anachoma ubavuni, mahali pamoja, konzi ya punje inamwangukia kiganjani, anaridhika, anahamia gunia jingine. Bambo likizikosa punje zile, HPLC itatoa jibu sahihi kabisa kuhusu kiganja kile, na gunia litapita na sumu yake. Likizidaka, mkulima atatupa mzigo ambao huenda kwa wastani ulikuwa salama. Horváth hawezi kulaumiwa kwa hilo. Mashine hupima ilicholetewa.

Kwa hiyo siikatai mashine. Iwepo moja ya kanda, iamue kesi zenye utata, na sokoni vitumike vipimo vya utepe wa karatasi vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Ila kama bajeti ya mwaka huu inatosha kitu kimoja, ningenunua kinu cha kusagia sampuli kubwa, kilo kadhaa zilizochotwa juu, katikati na chini ya magunia mengi, na kuwalipa wachomaji wa bambo wafundishwe upya.