Hewa Kavu kwa Injini ya Ndege Iliyoegeshwa

Mwenye ndege ndogo akiuliza kama afunge mashine ya kukaushia hewa ndani ya injini, yaani pampu inayoingiza hewa kavu kwa mpira injini ikiwa imezimwa, mafundi wengi humjibu kwa neno moja: ruka, yaani irushe ndege mara kwa mara. Ushauri huo ni sahihi. Lakini ndege nyingi za watu binafsi hukaa wiki nzima bila kuguswa, na kutu haingoji.

Julai 2020, ndege zikiwa zimeegeshwa kwa wingi kwa sababu ya korona, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo la dharura kuhusu Boeing 737 za matoleo ya Classic na NG. Zilizokaa siku 7 mfululizo au zaidi zikaguliwe vali fulani za hewa ya injini, kwa kuwa kutu ilikuwa imezifanya zigande na injini zikazimika angani. Siku 7! Na hizo ni ndege za mashirika yenye mafundi wa kudumu.

Injini ya pistoni ina udhaifu wake. Kilo 1 ya petroli ikiungua huzaa zaidi ya kilo 1 ya maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya kando ya ringi za pistoni ukaingia tumboni mwa injini pamoja na asidi. Kwenye injini nyingi za kampuni ya Lycoming, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), hivyo oili huchuruzika na kuiacha chuma kitupu. Kutu ikishatoboa vishimo kwenye kamu (vinundu vya kamshafti) na tapeti zinazosukumwa nazo, uso huanza kumeguka, chembe za chuma zinaonekana kwenye filta, na injini inafunguliwa ingawa saa zake za kazi hazijaisha.

Wengi husoma unyevu wa mchana wakatulia. Kutu ya chuma hushika kasi unyevu ukikaribia asilimia 60. Sasa chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 50, ambayo mtu angeiita salama. Ikipoa usiku hadi nyuzi 20, unyevu wake unafika asilimia 90 hivi, bila tone la maji kuongezwa, kwa kuwa hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo zaidi. Hewa iliyokaushwa hadi asilimia 15 ikipoa vivyo hivyo haifiki hata 30. Kila usiku, kwa miezi, tofauti ni hiyo.

Wapinzani wa kifaa hiki wana hoja. Silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, ikishiba haikaushi tena, na pampu inayovuta hewa ya nje itasukuma unyevu ndani. Ndiyo maana mfumo unaozungusha hewa ileile ni bora. Kifaa hakiondoi asidi iliyokwisha kuingia kwenye oili. Mpira wa hewa unaweza kusahaulika kwenye injini siku ya kuwasha. Zaidi ya yote, mwenye ndege anaweza kukitegemea akaacha kuruka.

Hoja hizo zinadai uangalifu. Hazionyeshi kwamba hewa kavu haifanyi kazi. Njia ambayo wengine huikimbilia, ya kuwasha injini dakika chache ardhini, ndiyo mbaya kuliko zote: inaongeza maji bila joto la kuyafukuza. Lycoming yenyewe inataka saa 1 mfululizo angani, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93, angalau kila baada ya siku 30. Baada ya safari hiyo, oili ikiwa bado ya moto, ndipo mpira wa hewa kavu uunganishwe, na kipima unyevu kiwekwe kwenye hewa inayotoka injini, si inayoingia.