Kufuli la saa nne usiku: hosteli za wanafunzi kati ya mwizi na moto

Ikifika saa nne usiku, hosteli nyingi za wanafunzi hufungwa lango la grili kwa kufuli, na ufunguo hubaki mfukoni mwa mlinzi hadi alfajiri. Mzazi wa Malindi aliyempeleka bintiye kupanga chumba, iwe ni hapa Barani au Maweni, au kule Kilifi karibu na Chuo Kikuu cha Pwani, hulitazama kufuli hilo akashusha pumzi. Binti mwenyewe, anayelala ghorofa ya pili, ana swali lake: nyaya zikishika moto saa nane usiku, nani atamtafuta mlinzi? Hofu zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana mabishano kuhusu kanuni za hosteli hayaishi.

Tuanze na wanaolitetea kufuli, kwa sababu wanafunzi huwadharau upesi mno. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba kilicho chini ya mabati hakilaliki dirisha likifungwa. Dirisha likiachwa wazi, mwizi hahitaji hata kuingia: hupitisha upondo wenye ndoano kati ya vyuma, akavuta begi lenye kompyuta huku mwenyewe akikoroma. Katika hosteli za wasichana kuna hatari kubwa kuliko ya kompyuta. Halafu kuna Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, wavamizi waliingia chuo kikuu kabla ya mapambazuko, wakaenda mabwenini, na watu 148 wakauawa. Majirani zetu wa Lamu wameishi na kafyu kwa vipindi tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Ukimwambia mzazi wa ukanda huu kwamba mwanafunzi ni mtu mzima, aachiwe lango wazi, hatakusikiliza, na ana haki.

Ila historia ya upande wa pili nayo imeandikwa kwa maiti. Mwaka 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Mazeras, papa hapa Pwani. Mwaka 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos: mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi, lakini waliokufa hawakuuawa na moto pekee. Waliuawa pia na vyuma vilivyowekwa ili kuwalinda.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya Garissa. Kabla ya mapambazuko hitilafu ya umeme ililipuka kwa kishindo. Wanafunzi wakadhani ni magaidi. Wakakanyagana ngazini, wengine wakaruka kutoka madirisha ya ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa, na hapakuwa na mvamizi yeyote. Pale hofu ya uvamizi na hatari ya umeme zilikutana katika jengo moja, na waliokuwemo hawakuwa na namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kengele ileile haiwezi kumaanisha “tokeni nje” na pia “jifungieni ndani”. Hosteli inahitaji milio miwili tofauti, na kila mkaaji aijue yote kabla ya wiki yake ya kwanza kwisha.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, kitanda kiachane na kingine kwa mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Mwenye hosteli ya kupangisha atajibu kwamba huo ni wa shule, haumhusu. Kwa maandishi, huenda hoja yake ikasimama. Lakini moshi haubagui mwanafunzi wa kidato cha pili na wa mwaka wa pili. Godoro la sponji likishika, chumba hujaa moshi mweusi wenye sumu katika dakika chache, na mtu hupoteza fahamu kabla mwali haujamfikia.

Basi tulitazame lango lenyewe kwa karibu. Kosa haliko kwenye grili, liko kwenye kufuli la ufunguo. Grili inaweza kubaki, mradi ifungwe kwa komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mtupu, hata gizani. Mafundi huogopa kwamba mwizi atapitisha mkono alifungue. Dawa yake ni kuchomelea bati zito na pana kuzunguka komeo kila upande, ili mkono wa nje usifike. Madirisha nayo: angalau dirisha moja la kila chumba liwe na grili yenye bawaba na komeo la aina hiyohiyo, na kitanda cha deka kisisukumwe mbele yake. Na hapa kwetu kuna adui asiyetajwa katika miongozo ya bara, nayo ni chumvi ya bahari. Komeo la chuma cha kawaida huanza kushika kutu upesi, likaganda hadi lidai nyundo. Liwe la shaba au la chuma kisichoshika kutu, lipakwe grisi kila mwezi, na lifunguliwe kwa kujaribiwa, si kutazamwa tu.

Wasimamizi hupinga: mlango wa kujifungulia utawatorosha wanafunzi usiku. Ni kweli, baadhi watatoroka. Kengele inayolia lango likifunguliwa baada ya saa nne itawafichua, na anayevunja kanuni aadhibiwe mchana. Lakini kumzuia mmoja asiende disko kwa kuwafungia 80 ndani ni hesabu ambayo hatuwezi kuikubali.

Kuhusu koili za kupikia, hapo tunasimama na wasimamizi, kwa sharti. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 240 hubeba wati 3,120. Unganisha koili ya wati 1,500, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja, umeshafika wati 4,500, karibu ampea 19. Tena ekstensheni za bei nafuu huandikwa ampea 13 huku ndani zina waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, unaofaa ampea 6 hivi, kwa hiyo hata koili peke yake huuzidi. Fyuzi ya plagi ikiungua, kuna wanaoifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na hapo kinga ya mwisho imeondoka. Plastiki ya soketi ikipata joto kupita kiasi mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki, na katika hosteli inayokaanga samaki kila jioni ni rahisi kuipuuza. Ukiisikia wakati hakuna anayepika, zima swichi kuu kwanza.

Sharti letu ni hili: ukipiga marufuku koili, toa jiko la pamoja. Liwe ghorofa ya chini, na mitungi ya gesi ikae nje ya ukuta. Marufuku bila jiko huzaa koili iliyofichwa chini ya kitanda, karibu na chandarua, inayosukumwa uvunguni ikiwa bado nyekundu kila msimamizi anapobisha hodi.

Vizimamoto vina maana pale tu mshale wa kipimo uko kwenye kijani na watu wamefundishwa kulenga shina la moto, si ncha. Mtungi wa unga wa kilo 6 huisha kwa sekunde 20 hivi. Daftari la wageni wengi huliona udaku, ila ndilo litakalowaambia zimamoto ni wangapi bado wako ndani. Mazoezi ya kutoka yafanywe usiku, taa zikiwa zimezimwa, maana hivyo ndivyo yatakavyokuwa.

Mzazi anayekwenda kutazama chumba asiishie kuuliza kodi na maji. Asimame ndani ya lango baada ya kufungwa, taa zizimwe, amwombe bintiye alifungue bila ufunguo na bila kumwita mtu. Likikawia zaidi ya sekunde kumi, atafute hosteli nyingine.