Kitambulisho Kimoja, Aina Mbili

Mhazini wa chama kimoja cha akiba hapa Nairobi alinipigia simu Jumatatu asubuhi. "Mwanangu, pesa za watu ziko wapi?" Ripoti niliyomtengenezea ilionyesha sufuri karibu kwa kila mwanachama. Michango ilikuwemo kwenye hifadhidata, kila mmoja na namba yake ya M-Pesa. Tatizo ni kwamba tokeni ya kuingilia, kibali cha kidijitali anachopewa mtu akiingia kwenye mfumo, ilileta kitambulisho cha chama kama maandishi, na MongoDB, hifadhidata yenyewe, ilikuwa imekihifadhi kama ObjectId, aina yake maalumu ya kitambulisho.

Kwenye skrini huoni tofauti. 66a1f0c29b3e4d0017c85a12 ni herufi 24 zile zile. Ndani, ObjectId ni baiti 12: nne za sekunde tangu mwanzo wa 1970, tano za nasibu, tatu za kihesabio. Herufi nane za kwanza hapo, 66a1f0c2, ni tarehe 25 Julai 2024, saa tatu na dakika 29 asubuhi kwa saa za Nairobi. Maandishi ni aina nyingine kabisa, kwa hiyo $match, hatua ya kuchuja ndani ya ulizo, hailingani na chochote, inarudisha orodha tupu, na haisemi neno. Ukimya huo ndio unaoniuma, kwa sababu mhazini hawezi kutofautisha orodha tupu na wizi.

Wanaotumia Mongoose, maktaba ya JavaScript ya kuongea na MongoDB, wana lalamiko la haki. Kwenye find, utafutaji wa kawaida, maktaba hiyo husoma skima, yaani maelezo ya aina ya kila uga (sehemu) wa rekodi, na kubadilisha maandishi kuwa ObjectId yenyewe. Kwenye aggregate, ulizo la hatua kwa hatua, haifanyi hivyo. Modeli ni ile ile, skima ni ile ile. Mtu aliyezoea find miezi sita atajuaje?

Hata hivyo naona maktaba iko sahihi. Ndani ya aggregate, hatua za $project (kuchagua uga) na $group (kupanga kwa makundi) hubadilisha umbo la hati, yaani rekodi. Baada ya $group, _id, uga wa kitambulisho cha hati, inaweza kuwa mwezi wa mchango au jina la mtaa, na skima haina la kusema tena. Wapo wanaopendekeza ibadilishe angalau $match ya kwanza, ambayo bado inaona hati asilia. Lakini ukisogeza $match hiyo hatua moja chini, ripoti iliyofanya kazi jana inakuwa tupu leo. Afadhali nijue tangu mwanzo kwamba kazi ni yangu.

Basi ibadilishwe wapi? Mimi hubadilisha mlangoni, pale ombi linapoingia kwenye seva, mara moja tu. Tangu toleo la 4.0 la MongoDB la mwaka 2018 unaweza pia kutumia $toObjectId, inayogeuza maandishi kuwa ObjectId, ndani ya ulizo lenyewe. Inaokoa pale $lookup inapounganisha mikusanyo miwili iliyohifadhi kitambulisho kwa aina tofauti, ila thamani moja mbovu inaangusha ulizo zima. $convert yenye onError, yaani thamani ya kuweka kosa likitokea, haianguki, lakini inaweza kuficha rekodi mbovu usiione kamwe. Na ukibadilisha, badilisha upande wa mchango, uiache _id ya mwanachama jinsi ilivyo. Ukiigeuza _id kuwa maandishi, faharasa yake, inayoharakisha utafutaji, haikusaidii tena.

Kuna wanaosema tuhifadhi kila kitu kama maandishi. JSON, muundo wa data inayosafiri kati ya simu na seva, haina ObjectId, kwa hiyo kitambulisho kitakuwa aina moja kutoka kwenye simu hadi kwenye diski. Sibishi sana, mradi iwe kila mahali. Namba ya muamala ya M-Pesa, herufi na tarakimu 10, ni maandishi kwa haki yake. Lakini herufi 24 zinachukua baiti 29 kwenye BSON, muundo ambao MongoDB huhifadhia data, badala ya 12, na gharama hiyo inajirudia kwenye faharasa. Tena 66A1F0C2 kwa herufi kubwa ni kitu kile kile kwa ObjectId. Kwa maandishi ni kitambulisho kingine.

Mlangoni penyewe pana mtego kwa wenye Mongoose ya zamani. Kabla ya toleo la 8, isValidObjectId, kikaguzi chake cha vitambulisho, ilikubali maandishi yoyote ya herufi 12, na namba ya simu ya Kenya inayoanza na 254 ina tarakimu 12 kamili. Mtu akikosea uga, simu ilipita kama kitambulisho halali. Dai herufi 24 za heksadesimali (0 hadi 9 na a hadi f), basi.

Kwa yule mhazini, mstari mmoja wa kubadilisha tokeni ulirudisha karibu pesa zote, ila jumla ilikuwa bado pungufu ya daftari lake. Nilitafuta hati ambazo uga wa chama una $type ya maandishi, nikakuta michango ya zamani tuliyoingiza kutoka Excel. Niliibadilisha, kisha nikaweka $jsonSchema, kanuni ya ukaguzi ndani ya hifadhidata, inayodai bsonType ya objectId, ili hati ya namna hiyo ikataliwe kwa kosa linaloonekana. Tukasoma jumla pamoja kwenye simu, yeye na daftari, mimi na skrini, mwanachama baada ya mwanachama.