Dakika 11 za Gitaa la Afrika

Juzi asubuhi nilipokea cheti kwa barua pepe. Kina nembo ya rangi ya dhahabu, jina langu limeandikwa kwa herufi za madoido, na kinatamka kwamba nimehitimu "Gitaa la Kiafrika". Nimekipata baada ya kumaliza kozi ya mtandaoni ya miezi mitatu, niliyoilipia kwa dola, iliyoahidi kunifundisha mitindo ya gitaa ya dunia nzima nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Kinondoni. Bluzi ilikuwa na masomo 14, jazi 12, flamenko 9, bosanova 6, na kantri, ambayo wala sikuiomba, 8. Afrika ilipewa somo moja la dakika 11. Bara zima, kuanzia Cairo hadi Cape Town, lilifundishwa na kumalizwa kabla chai yangu haijapoa.

Mwalimu, kijana mchangamfu mwenye gitaa la bei ya kiwanja, alizungusha kodi tatu (noti zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA), akacharaza vinoti vyembamba vya haraka haraka, akatabasamu, kisha akasema kwamba siri ya mtindo huu ni furaha. Furaha! Nimewatazama wapiga gitaa wa dansi tangu nikiwa mtoto, na ninaweza kuthibitisha kwamba wengi wao jukwaani walikuwa wamenuna kama makarani wanaohesabu fedha za watu wengine. Ukumbi ndio uliokuwa na furaha. Wao walikuwa kazini.

Sidai kwamba alipaswa kufundisha kila kitu, lakini mtu anayesema "mtindo wa Kiafrika" amesema nini hasa? Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi "Masanga" yake mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, alilipiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na kwa vidole hivyo viwili humfanya msikilizaji amtafute mpigaji wa pili aliyejificha nyuma ya pazia. George Mukabi na wenzake wa magharibi mwa Kenya walikuwa na mtindo wao wa omutibo, ambao haukamiliki bila chupa ya Fanta inayokwaruzwa pembeni. Wajaluo walipoyashika magitaa waliyafanya yaseme kama nyatiti, kinubi chao cha jadi, nasi tukapata benga. Hapo bado sijavuka kwenda Kinshasa, wala sijafika Morogoro.

Hata hivyo, hilo ni lalamiko dogo, kwa kuwa masomo yanaweza kuongezwa. Linaloninyima usingizi ni kwamba hata kozi ile ingekuwa na masomo 100 ya dansi, nisingejua kupiga dansi, kwa sababu masomo ya namna hiyo yanamchukulia mpiga gitaa kuwa ni mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Muziki wa dansi haukutungwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Sikiliza wimbo wowote wa Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, kisha ujaribu kulifuata gitaa moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utagundua kwamba ridhimu, yaani gitaa linalorudia kodi zilezile, ikiwa peke yake inachosha, kwamba solo la pili linasikika kama mtu anayejibu simu ambayo mpigaji wake humsikii, na kwamba besi inanyamaza pale hasa ulipoitarajia. Yaweke yote pamoja, wimbo ufike kwenye chemko, ile sehemu yake ya kasi, na ghafla kila pengo lina mwenyewe: gitaa moja linaacha nafasi kwa makusudi ili jingine liingie humo. Wakongo waliona magitaa mawili hayatoshi, wakachomeka jingine katikati ya solo na ridhimu na kuliita mi-solo, na badala ya kugongana, yote matatu yakapata pa kukaa. Ujuzi wa mpigaji huyu uko katika kujua asipige wapi, na hilo video haiwezi kulifundisha, kwa kuwa video haikusubiri, haikujibu, na haikasiriki unapoingia nafasi isiyo yako.

Mwezi uliopita nilimwomba mzee mmoja, ambaye bendi yake ndogo hufanya mazoezi jirani na nyumbani, aniruhusu nikae nao jioni moja. Kwa kiburi ambacho sasa ninakionea aibu, nilimweleza mitindo yote niliyojifunza. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Vizuri, mwanangu. Hebu tushikie ridhimu." Kodi zilikuwa tatu, nami nilizijua, hivyo nikaona kama nimetukanwa. Dakika ya kwanza nilikwenda nao. Dakika ya pili nikaanza kuivuta ridhimu ile ilalie kwenye pigo la kwanza, kwa sababu mwalimu wangu wa mtandaoni alikuwa amenizoesha kuhesabu moja mbili tatu nne na kuanzia kwenye moja, ilhali ridhimu ya wimbo ule ilikuwa inaingia baada ya moja kupita. Dakika ya tatu nilichoka kurudia, nikachomekea kipande cha bluzi, kitamu sana, cha somo la 11. Mzee hakusema neno. Alinyanyuka, akaenda kwenye amplifaya yangu, akapunguza sauti hadi nikawa ninajisikia mwenyewe tu, akarudi kukaa. Wimbo ukaendelea kwa dakika nyingine sita na mimi nikiwa ndani yake kama abiria.

Asije mtu akaniambia kwamba hayo ni mambo ya muziki wetu peke yake. Flamenko niliyofundishwa kwa masomo 9, ya kukunjua vidole kwa kasi mpaka kucha zinauma, kule Andalusia haitenganishwi na mwimbaji na mchezaji. Mpiga gitaa huanza kwa kujifunza kuwafuata hao wawili, kusubiri pumzi ya mmoja na kisigino cha mwingine, ndipo baadaye, akijaliwa, apige peke yake. Gumba la bosanova linaiga ngoma kubwa ya samba, kwa hiyo anayeijua bosanova bila kuisikia samba ameshika kivuli. Nilipewa madoido ya watu wote na mazungumzo ya watu wasiokuwapo.

Nikubali sasa, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila intaneti nisingeweza hata kulityuni gitaa. Mjomba aliyeniachia gitaa lake kavu, lenye nyuzi tano na tundu la wa sita, hakuwa na subira ya kufundisha, na mwalimu wa kulipwa kila wiki sikuwa na uwezo naye. Masomo ya bure ya Justin Sandercoe, yule Mwaustralia mpole, yalinionyesha namna ya kubadili kodi bila kusimama, na uwezo wa kuipunguza video hadi nusu ya kasi ni rehema ambayo wazee wetu, waliokuwa wakirudisha sindano ya santuri nyuma mara 40 kwa ajili ya noti nne, wangeililia. Bando nalo, likiisha, ni nafuu kuliko nauli.

Lakini mpangilio huu una dhuluma ndani yake. Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa gitaa wa Morogoro, alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, na vidole vyake havikuacha somo lolote la video. Viliacha santuri, nasi tunakisia. Hilo halina wa kulaumiwa. Wazee waliobaki, wale waliokaa kwenye ridhimu miaka 30 bila jina lao kuandikwa kwenye jalada lolote, wako hai, wana simu, na wajukuu wao wanajua kurekodi. Ninatamani kuiona video moja tu ambamo magitaa manne yamekaa duara, kila moja likiwa na kamera yake, halafu niweze kulizima moja na kukaa mahali pake. Ningeilipia kwa dola, tena bila kunung'unika.

Kile cheti nilikichapisha dukani kwa shilingi 500, nikampelekea mzee tucheke pamoja. Alivaa miwani, akakisoma chote hadi kwenye nembo, akaniuliza kama karatasi yake ni ngumu. Nikamwambia ni ngumu. Akaikunja mara nne na kuisukumiza chini ya spika iliyokuwa ikiyumba, akaitikisa spika kidogo kuhakikisha, kisha akanirudisha kwenye ridhimu.