Karakana ya pamoja siyo duka la kukatia leza

Niseme mapema ili tusizungushane. Karakana ya pamoja, ile ambayo wanachama wanachangia ada na kutumia vifaa kwa pamoja, kama mashine yake ya leza, hii ya kukata na kuchonga mbao na plastiki kwa mwale, inashikwa na fundi mmoja tu, wanachama wengine wote wanaleta kazi kwenye fleshi halafu wanakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa, hiyo siyo karakana ya pamoja, hilo ni duka. Na maduka tunayo tayari. Zunguka kidogo Kariakoo utawakuta watu wanakata kadi za harusi, wanachonga ngao na vibao vya mlangoni, wanatengeneza mihuri, na wanafanya kazi nzuri tena fasta. Sasa mtu alipe ada ya uanachama ya nini kama anachopata ni kilekile anachokipata Kariakoo bila ada?

Naandika haya kwa sababu naona jambo hili linajirudia. Mashine inakuja, labda kwa msaada, labda watu wamechangishana, siku ya kuzindua wote tunapiga picha, miezi inapita, unaingia unakuta imefunikwa na juu ya mfuniko kuna karatasi ya A4 imebandikwa na selotepu: USIGUSE, MUONE MENEJA. Meneja mwenyewe yuko kwenye kikao. Vijana waliojiandikisha kwa ajili ya ile mashine wanaanza kuja mara moja moja, baadaye hawaji kabisa, halafu kwenye ripoti inaandikwa kwamba jamii haina mwamko. Mwamko upo jamani, kilichokosekana ni ruhusa.

Wanaofunga mashine wana hoja na mimi siwabezi, maana hofu yao ina msingi. Leza ya CO2, yaani ya gesi ya kaboni dayoksaidi, hii ya bomba la kioo ambamo mwale unazaliwa, ambayo ndo ipo kwenye karakana nyingi, inaweza kuharibiwa na mtu mmoja kwa mchana mmoja, na silaha yake kubwa ni plastiki ya PVC. Ukiichoma PVC inatoa haidrojeni kloridi, hiyo gesi ikikutana na unyevu inageuka asidi, na kwa hali ya hewa ya Dar unyevu hauutafuti, umejaa chumbani. Inakula reli, inakula vioo, inakula mapafu ya aliyesimama pale. Na tatizo kwetu ni kwamba PVC haiji na jina lake. Inakuja ikiitwa reksini, ile ngozi ya bandia. Mtu analeta kipande kizuri cha kutengenezea pochi, kinanukia kama ngozi, anataka kichongwe jina, na ukimwambia hapana anaona unamnyima tu.

Lakini hili lina dawa rahisi kuliko kufuli. Chukua waya wa shaba, ule wa ndani ya waya wa umeme, toka nao nje kwenye jiko la gesi, uchome mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ngeni, uguse ile plastiki ukiwa bado wa moto, urudishe kwenye mwali. Mwali ukiwa wa kijani, humo kuna klorini, kazi imeishia hapo, hiyo haiingii kwenye mashine. Linaitwa jaribio la Beilstein, linachukua dakika, na mtu akijionea ule ukijani kwa macho yake habishani tena na wewe, tena kesho atamzuia mwenzake. Nimeshuhudia mama mmoja mshona mikoba akiondoka na waya wake wa shaba kwenye pochi, siku hizi anapima mzigo hukohuko dukani kabla hajalipa. Hapo sasa karakana imefanya kazi yake, maana yule mama amepata kitu ambacho fundi akimkatia tu hakipati.

Moto nao. Plaiwudi na akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, vinawaka, hilo halina mjadala, hasa kama kompresa inayopuliza hewa pale mwale unapokata imezimika na mtu hajagundua. Kanuni ni moja, mashine ikiwa inakata haiachwi peke yake, hata simu ikiita, hata chai ikifika. Na mtungi wa kuzimia uwe wa gesi ya kaboni dayoksaidi, siyo wa unga, kwa sababu ule unga ukishauachia humo ndani umezima moto na umeimaliza lenzi pamoja na saketi kwa mpigo. Karakana nyingi nilizopita zina mtungi wa unga, tena umewekwa nyuma ya mlango wa stoo.

Tuje kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kinaua leza nyingi hapa pwani, na hakihusiani hata kidogo na mwanachama mgeni: maji. Lile bomba linapozwa kwa maji na linapenda maji ya nyuzi 20 hadi 25 hivi, yakipanda juu ya hapo nguvu inashuka na umri wa bomba unakatika. Sasa mashine nyingi za Kichina zinakuja na kile kiboksi kinachoandikwa CW-3000, watu wanakiita chila, yaani mashine ya kupoozea maji, ila siyo chila, ni rejeta na feni. Hakina kompresa ya kupoozea. Hakiwezi kuyafanya maji yawe ya baridi kuliko hewa ya chumba, na chumba chenyewe mwezi wa pili kina nyuzi 32, kwa hiyo unalichemsha bomba taratibu kila siku huku taa ya kijani inawaka na kila mtu ameridhika. Inatakiwa CW-5200 au mwenzake wa aina hiyo, yenye kompresa ya kweli kama friji. Na hiyo nayo usiipeleke chini sana, ukiiweka nyuzi 18 kwenye chumba kisicho na AC bomba linatoka jasho kama chupa ya soda, na lile bomba linabeba zaidi ya volti 10,000, unyevu ukikaa pale mwishoni umeme unaruka unapotaka. Kwa hiyo unatafuta pa kati, nyuzi 24 au 25, na AC ikiwepo ndo unashuka.

Nimelirefusha hili makusudi. Meneja anayekataza watu kugusa mashine ili isiharibike, halafu anaiendesha kwa rejeta mwezi wa pili, anamlinda nani na nini? Bomba linakufa lenyewe mkononi mwake, na lawama inakwenda kwa "wale vijana wa juzi".

Na tusiifanye hii teknolojia kuwa ya kichawi. Leza ya CO2 ilivumbuliwa na Kumar Patel pale Bell Labs, Marekani, mwaka 1964, ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwale hauonekani kwa macho, unaongozwa na vioo vitatu mpaka kwenye lenzi, na mfuniko wa akriliki unatosha kuuzuia, ndo maana mfuniko haufunguliwi mashine ikiwa kazini. Mtu mwenye akili ya kushona cherehani anaimudu. Ninazoziogopa mimi ni zile leza ndogo za bluu za kuagiza mtandaoni, zisizo na boksi, mwale wake unapita kwenye plastiki angavu kama haipo na unaingia moja kwa moja jichoni, hizo kama zipo kwenye karakana yenu zijengewe boksi kwanza au zikae stoo.

Sasa kwa nini nasisitiza mwanachama abonyeze mwenyewe? Kuna dogo mmoja wa chuo alikuja na wazo la bao la kete la kukunja, nusu mbili zenye bawaba, libebeke kwenye begi. Mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na zile nyumba mbili za mraba, moja kila upande. Leza haichimbi shimo refu kama patasi, kwa hiyo akakata matundu kwenye plaiwudi, akapanga tabaka juu ya tabaka akagundisha, chini kabisa akaweka kipande kizima. Mpaka hapo safi. Kasheshe ikaja kwenye fremu ya pembeni, ile ya meno yanayoingiliana. Dukani ameuziwa plaiwudi ya milimita 6, akachora nafasi za milimita 6, akakata, akaunganisha, kila jino linacheza. Hakuna aliyemwambia kitu. Akachukua venia, kile kipimo cha unene, akapima ubao: 5.5. Akapima nafasi aliyoikata: 6.2, maana mwale nao unakula pale unapopita, kwa lenzi yetu unaondoka na kama 0.2. Akakaa kimya anapiga hesabu kwenye mkono kwa peni, akarudi kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, akaandika 5.3, akakata kipande kidogo cha majaribio kwanza safari hii, na meno yakaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao, bila gundi, ukilinyanyua halitikisiki.

Yule dogo sa hivi hachori kitu bila kupima ubao. Angepeleka kwa fundi, mojawapo kati ya mambo mawili lingetokea, ama fundi angekata kama alivyochora na angeondoka na fremu inayocheza akiamini leza haina maana, ama fundi angemrekebishia kimyakimya na angeondoka na bao zuri bila kujua limekuwaje zuri. Vyote viwili ni hasara. Na plaiwudi aliyoharibu ni ya shilingi ngapi? Kipande cha ukubwa wa daftari.

Hoja ya mwisho ya wanaofunga huwa ni gharama, na hapa naomba tuweke namba mezani. Tuseme bomba pamoja na usafiri na ushuru linakugharimu shilingi 800,000, na tuseme kwa maji mazuri linafanya kazi saa 2,000. Hiyo ni shilingi 400 kwa saa, haifiki hata shilingi 7 kwa dakika. Haya, tuseme mmelitunza vibaya likafa kwenye saa 1,000, ni shilingi 800 kwa saa. Weka umeme wa unit 2 kwa saa kwa ajili ya mashine, chila na feni ya moshi, weka akiba ya lenzi na vioo, bado uko chini ya shilingi 3,000 kwa saa, yaani shilingi 50 kwa dakika. Mwanachama anaweza kulipa hamsini kwa dakika, hata mwanafunzi. Nikisikia karakana inamtoza mwanachama wake 500 kwa dakika na inasema ni ya kutunza bomba, najua kwamba bomba siyo sababu. Kama mnahitaji hela ya mshahara na pango semeni tu hivyo, tupandishe ada tukijua, ila msimfanye mtu aogope kukata kipande cha majaribio kwa sababu kila sekunde inamuuma mfukoni, maana kipande cha majaribio ndo shule yenyewe.

Watu wa Fab Lab, mtandao wa karakana za pamoja duniani, waliliona hili zamani. Wazo lao lilitoka kwa Neil Gershenfeld na wenzake pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, ambako toka 1998 walikuwa na somo la kuwafundisha wanafunzi wa fani zozote kutengeneza karibu kila kitu kwa mikono yao, na mashine ya leza ipo kwenye orodha ya kila karakana yao, ikiwemo ile ya Kigali iliyofunguliwa 2016. Mkataba wao ni ukurasa mmoja tu, na unampa mtumiaji majukumu matatu: usalama, kwa maana asijeruhi watu wala mashine, uendeshaji, kwa maana asaidie kusafisha na kutunza, na maarifa, kwa maana aandike alichojifunza na awafundishe wengine. Huwezi kumpa mtu jukumu la kusafisha lenzi ya mashine ambayo hajawahi kuruhusiwa kuigusa. Mkataba huohuo unasema biashara inaweza kuzaliwa humo ndani ila ikue nje, isiwabane wengine, na hili nalo tunalihitaji, kwa sababu ukiifungua leza tu atatokea mmoja mwenye oda ya kadi 300 za harusi atakayeikalia kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwekeeni ukomo wa saa mbili kwa siku, na oda zikimzidi basi amepata mtaji wa kununua ya kwake, tumpigie makofi.

Mafunzo ninayoyataka ni ya siku moja, siyo semina ya wiki yenye posho na vyeti. Asubuhi mtu apime plastiki kwa waya wa shaba, asafishe lenzi kwa mkono wake, asome joto la maji, aweke fokasi, akate kitu chake. Mchana aje awashe mashine toka mwanzo mbele ya mwanachama mwingine bila kuambiwa cha kufanya, na ajue kitufe chekundu cha kuzimia kwa dharura kiko wapi bila kukitafuta. Akipita jina lake linaandikwa ukutani na funguo anachukua mwenyewe. Akiacha mashine inakata akaenda kula, jina linafutwa, anarudia.

Kitu kimoja tu ningemwachia meneja mkononi, nacho ni mihuri. Leza inachonga mpira wa muhuri vizuri sana, herufi zinatoka kali, na muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa au wa shule unachongeka kirahisi sawasawa na wa saluni. Hapo barua ya ofisi husika iletwe, nakala ibaki kwenye faili, asaini meneja. Mengine yote afungue.